Daftari la FPGEE: parasetamoli yangu huku inaitwa asetaminofeni

Wiki ya 1

Nimefungua daftari hili usiku huu baada ya kutoka kazini. Nimechoka kuwaambia watu "najiandaa na mtihani" huku sina hata ukurasa mmoja wa kujionyesha mwenyewe.

Mimi ni mfamasia. Nilisoma miaka 5, nikafanya mwaka 1 wa mafunzo kazini, nikapata leseni, nikatumikia hospitali miaka 9. Kisha tukahamia Marekani, na leseni ile ikabaki kuwa karatasi ya kabatini. Kwa sasa nafanya kazi famasi kama msaidizi wa mfamasia: nahesabu vidonge, nabandika lebo, napokea simu za bima.

Njia ya kurudi kwenye taaluma iko hivi. Kwanza cheti cha FPGEC, kinachotolewa na NABP, chama kinachounganisha bodi za famasia za majimbo. Ili nikipate, elimu yangu ilinganishwe na ya huku, nifaulu FPGEE, mtihani wa wafamasia waliosomea nje ya Marekani, na nifikie alama za Kiingereza. Nikishakuwa nacho ndipo bodi ya jimbo inanisajili kama mwanagenzi, nakusanya saa za mafunzo, halafu nafanya NAPLEX, ambao ndio mtihani wa leseni wenyewe, pamoja na mtihani wa sheria. Watu wengi wanadhani ukifaulu FPGEE umeshakuwa mfamasia. Kumbe umeruhusiwa kuanza safari.

FPGEE ni maswali 200 ya kuchagua jibu, saa 4 na nusu mbele ya kompyuta. Tiba kwa mgonjwa ni asilimia 35. Sayansi ya dawa yenyewe, yaani kemia yake, utengenezaji, mwendo wake mwilini na hesabu, asilimia 33. Sheria, uendeshaji, takwimu na mawasiliano, asilimia 22. Sayansi za msingi za mwili, asilimia 10. Nimejipa wiki 26. Nitasoma kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 12, kabla mtoto hajaamka.

Wiki ya 2

Kabla sijaendelea, niandike habari ya hati, maana ndizo zilizonila miezi 7 kabla hata ya kugusa kitabu. Matokeo ya chuo lazima yatoke chuoni moja kwa moja, bahasha ikiwa imefungwa na kupigwa muhuri. Nikiyatuma mimi hayakubaliki. Ofisi moja ilinizungusha wiki 11, ikatuma bahasha yenye jina langu la usichana peke yake, wakati pasipoti ina jina la ndoa. Tulianza upya. Wewe unayefuata njia hii, linganisha majina yako yote, herufi kwa herufi, kabla hujatuma chochote.

Kuna jambo jingine linaloniuma, ingawa mimi limeniacha. Aliyehitimu kuanzia tarehe 1 Januari 2003 lazima awe amesoma programu ya famasia ya miaka 5 au zaidi. Ninawafahamu wafamasia hodari, watu walionifundisha kazi, ambao shahada zao ni za miaka 4. Wana uzoefu kuliko mimi, na mlango huu kwao umefungwa. Nikiona uvivu alfajiri, nitawakumbuka hao.

Wiki ya 3

Nimejipima kwa maswali 100 bila kujiandaa. Nimepata 52.

Nilipopanga makosa yangu nikaona kitu. Maswali ya malaria, kifua kikuu, Ukimwi na antibiotiki nimeyajibu karibu yote. Moyo na kisukari nimepata nusu, na mengi niliyokosa nilikuwa nalijua jibu ila sikulitambua lilivyoandikwa. Baiokemia nimeanguka, lakini hiyo ni miaka mingi tangu niiache. Mama aliponipigia Jumapili nikamweleza, akaniuliza, "Mwanangu, kwani yale uliyosoma yalikwenda wapi?" Nilimjibu yapo. Leo nadhani lilikuwa jibu la kweli: yapo, ila yamehifadhiwa kwa majina mengine na vipimo vingine.

Wiki ya 5

Jambo la juzi kazini nataka liandikwe hapa lote.

Alikuja mzee mmoja na chupa mbili mkononi. Moja alinunua huku, imeandikwa asetaminofeni miligramu 500. Nyingine binti yake alimletea kutoka ng'ambo, imeandikwa parasetamoli miligramu 500. Goti linamsumbua. Aliuliza kama anaweza kuongeza kidonge cha tatu cha ile ya ng'ambo, kwa sababu hadi sasa anameza viwili vya hii na viwili vya ile, mara tatu kwa siku, na maumivu hayapungui.

Hesabu ilifanyika kichwani kabla hajamaliza sentensi. Vidonge 4 kwa miligramu 500 ni gramu 2. Mara tatu, gramu 6 kwa siku. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4, na kwa mzee wengi tunapenda abaki chini ya hapo. Chupa zile mbili ni dawa moja yenye majina mawili. Alikuwa anaunguza ini lake akidhani anachanganya dawa tofauti.

Msaidizi haruhusiwi kumshauri mgonjwa kuhusu dawa. Ndiyo sheria, nami naielewa. Nilimwambia, "Tafadhali usimeze tena hadi mfamasia azungumze nawe," nikaenda. Mfamasia alikuwa anamchanja mtu. Nilisimama mlangoni dakika 4, na dakika zile zilikuwa ndefu kuliko zamu nzima. Alipotoka nikamnong'oneza gramu 6, tangu wiki iliyopita. Alimkalisha mzee, akampigia daktari wake, akapelekwa kupimwa ini siku hiyo hiyo. Baadaye mfamasia akaniambia, "Umeona haraka." Nilimshukuru, nikarudi kuhesabu vidonge.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nayachukulia majina haya kama usumbufu wa mtihani. Sasa najua ni jambo la uhai wa watu.

Wiki ya 6

Nimetengeneza kadi. Upande mmoja jina nililokulia nalo, upande wa pili jina la huku. Salbutamoli ni albuteroli. Adrenalini ni epinefrini. Pethidini ni meperidini. Glibenklamidi ni glaiburaidi. Rifampisini ni rifampini. Zimefika kadi 41. Nyingine zinatofautiana kwa silabi moja tu, na hizo ndizo mbaya, maana jicho linapita.

Vipimo vina kadi zao. Sukari ya damu: zidisha milimoli kwa 18 upate miligramu kwa desilita, kwa hiyo 7.0 ninayoijua kama mpaka wa kisukari asubuhi kabla ya kula, huku ni 126. Kriatinini, kipimo cha figo: gawanya mikromoli kwa 88.4. Uzito: gawanya ratili kwa 2.2. Nataka zifike mahali ambapo sizigeuzi tena, nikiona 126 nishtuke vile vile ninavyoshtuka nikiona 7.

Wiki ya 8

TOEFL, mtihani wa Kiingereza. Nilihitaji 22 kusoma, 21 kusikiliza, 26 kuzungumza, 24 kuandika. Nimepata 27, 26, 24, 25. Kuzungumza nimekosa kwa alama 2.

Nimezungumza Kiingereza darasani tangu utotoni. Nimewaeleza wagonjwa, wauguzi na madaktari kwa Kiingereza miaka 9. Lakini pale nilipewa sekunde 15 za kufikiri na 45 za kusema, nikaongea na kipaza sauti, na watu wanane wengine chumbani wakiongea kwa wakati mmoja. Nilianza kila jibu kwa utangulizi, kama tulivyozoea: salamu ya mada, kisha maelezo, kisha hoja. Saa ikaisha hoja haijafika.

Mwenzangu wa kusoma, dada aliyehitimu famasia Nigeria, alinisikiliza kwa simu akanipa dawa: sema jibu kwenye sentensi ya kwanza, toa sababu mbili, nyamaza. Tunafanya majibu 6 kila usiku, mume wangu akishika saa. Nitarudia baada ya wiki 5.

Wiki ya 11

Fenitoini. Nimekaa na swali moja saa nzima na halijanipotezea muda.

Mgonjwa wa kifafa, anatumia fenitoini, amelazwa, amekonda, albumini yake, ile protini ya damu, ni 2.0. Kipimo cha fenitoini kwenye damu ni 8. Kiwango kinachotakiwa ni 10 hadi 20. Ufanye nini?

Mkono wangu ulitaka kuongeza dozi. Nikakumbuka kwamba karibu asilimia 90 ya fenitoini hushikwa na albumini, na inayofanya kazi ni ile iliyo huru. Albumini ikipungua, sehemu iliyo huru inaongezeka, lakini maabara inakuonyesha jumla tu. Kwa hiyo kuna hesabu ya kusahihisha: gawanya kipimo kwa jumla ya 0.2 mara albumini na 0.1. Nikafanya. Nikapata 1.95. Nikashangaa, nikaandika "ongeza dozi" kwa herufi kubwa.

Jibu sahihi ni 16. Usibadilishe kitu.

Nilirudia mara tatu bila kuona kosa. Ndipo nikaona nimeandika albumini 20. Maabara nilikotoka hutoa albumini kwa gramu kwa lita, na mkono wangu ulibadilisha 2.0 kuwa 20 bila kuniuliza, kwa sababu kwa miaka 9 mgonjwa aliyekonda namna hiyo aliandikwa 20. Kwa 2.0: 0.2 mara 2.0 ni 0.4, ongeza 0.1, ni 0.5. Nane gawanya kwa nusu, 16.

Na fenitoini haisamehe. Ini lina uwezo wenye kikomo wa kuisafisha, na ukikaribia kikomo hicho, nyongeza ndogo ya dozi inapandisha kiwango kwa kiasi kikubwa. Mgonjwa yule angekuwa 16, mimi nikamwongezea, na baada ya siku chache macho yangekuwa yanachezacheza na mwendo unayumba. Nimeandika kwenye kadi kwa wino mwekundu: *angalia kipimo kwanza, namba baadaye.*

Wiki ya 12

Sikusoma. Mtoto alikuwa na homa siku nne. Kipimajoto cha nyumbani kinasoma Farenhaiti, 100.4 ndiyo 38. Hilo sasa nalijua bila kadi.

Wiki ya 13

TOEFL, kuzungumza: 27. Imetoka.

Wiki ya 15

Nilikuwa naahirisha sheria. Nilidhani ni kukariri miaka na majina ya watunga sheria. Wiki hii nimeisoma kwa mpangilio wa vifo, na imekaa.

Mwaka 1937 kiwanda kimoja Marekani kilitaka kuuza salfanilamidi kama dawa ya maji. Haikuyeyuka kwenye maji wala pombe, ikayeyuka kwenye diethilini glaikoli, kimiminika kitamu chenye sumu. Waliangalia ladha, rangi na harufu. Hawakuangalia kama inaua. Walikufa zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto, figo zikiwa zimesimama. Sheria ya wakati ule haikumlazimu mtu kuthibitisha usalama wa dawa, hivyo kosa lililoweza kushtakiwa lilikuwa la lebo: waliiita eliksiri, na eliksiri ilipaswa kuwa na pombe. Mwaka 1938 ikapitishwa sheria kwamba dawa mpya ithibitishwe kuwa salama kabla ya kuuzwa.

Frances Kelsey alikuwa mwanafunzi wa uzamili Chicago kwenye maabara iliyosaidia kubaini sumu ile. Miaka 20 na ushei baadaye, akiwa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ndiye aliyekataa kuidhinisha thalidomaidi kwa sababu ushahidi wa usalama haukumridhisha. Ulaya, ambako wajawazito waliimeza, watoto maelfu walizaliwa na viungo visivyokamilika. Mwaka 1962 sheria ikaongezwa: dawa ithibitishwe pia kwamba inafanya kazi.

Nikaacha kitabu. Mwaka 2022, watoto Gambia walikufa kwa figo baada ya kupewa dawa za maji, na kilichopatikana ndani yake kilikuwa hiyo hiyo diethilini glaikoli pamoja na ndugu yake ethilini glaikoli. Miaka 85 baada ya Marekani. Mimi nimewapa watoto dawa za maji maelfu ya chupa, nikitikisa, nikisoma tarehe, nikiamini kwamba kabla yangu kuna mtu aliyepima. Sheria hizi ndizo huyo mtu. Sitaziahirisha tena.

Zilizobaki nimezipitia haraka: dawa zinazodhibitiwa na madaraja yake matano tangu 1970, daraja la pili halijazwi tena bila agizo jipya la daktari, la tatu na la nne hadi mara 5 ndani ya miezi 6. Tramadoli iko daraja la nne tangu 2014. Kazini naliona hilo kila siku, kwa hiyo limeingia lenyewe.

Wiki ya 18

Bima. Kwa msomaji aliyetoka nje hii ndiyo sehemu ngeni kuliko zote, maana hakuna chochote cha kuifananisha nacho. Medicare na Medicaid zote zilianza kwa sheria ya 1965. Ya kwanza ni hasa kwa waliofika miaka 65; ya pili ni kwa wenye kipato kidogo, ikiendeshwa na serikali kuu pamoja na majimbo. Medicare ina sehemu: A ya kulazwa, B ya daktari na huduma za kutwa, C ya mipango ya kampuni binafsi, D ya dawa, iliyoanza 2006. Nimeikariri kwa kukumbuka sura za wateja: yule wa D, yule anayekosa D na kulipa mwenyewe.

Takwimu zimenifurahisha. Dawa ikipunguza kiharusi kutoka asilimia 6 hadi asilimia 2, tangazo litasema imepunguza kwa theluthi mbili. Ni kweli. Lakini tofauti halisi ni asilimia 4, maana yake uwatibu watu 25 ili mmoja aepuke kiharusi. Mgonjwa anayelipa mwenyewe anastahili kuisikia namba ya pili.

Wiki ya 21

Mtihani wa majaribio, maswali 100: 71. Baiokemia bado inanivuta chini. Nimeamua kutoimaliza. Sayansi za msingi zote kwa pamoja ni asilimia 10, na nimebakiza wiki 5. Nasoma vimeng'enya, usanisi wa protini, na njia ambazo dawa inazigusa. Mengine yatakaa.

Wiki ya 24

Maswali 200 kwa mkupuo, simu imezimwa, mume wangu kamtoa mtoto nje. 158. Nimemaliza dakika 20 kabla. Baada ya swali la 140 naanza kusoma haraka na kukosa neno "isipokuwa". Dawa yake: kila maswali 25 naondoa mkono kwenye kipanya, nafumba macho, napumua mara tatu.

Mama kapiga. Hakuuliza mtihani. Aliomba dua kwenye simu, ndefu, nami nikaitikia amina kila alipopumzika.

Wiki ya 26

Nimeufanya. Maswali siyaandiki, tumeweka sahihi kwamba hatutayatoa, na ningependa atakayekuja kutibu watoto wangu awe amefaulu kwa akili yake.

Niandike tu kwamba vipimo vilinijia kama lugha. Palipokuwa na namba, nilisoma kizio kwanza. Mara mbili hilo lilinibadilishia jibu.

Wiki ya 33

Nimefaulu.

Nilisoma barua nikiwa nimesimama stoo kazini, katikati ya rafu za antibiotiki. Mfamasia ndiye wa kwanza kuambiwa. Dada wa Nigeria ni wa pili. Atafanya wake muhula ujao na sasa kadi zangu 63 ziko kwake. Mama ni wa tatu, na alipiga vigelegele mpaka jirani yake akaja kuuliza kuna nini.

Wiki ya 45

Cheti kimefika, na bodi ya jimbo imenisajili kama mwanagenzi. Jimbo letu linataka saa 1,500 chini ya usimamizi. Mwanagenzi anaruhusiwa kumshauri mgonjwa, mfamasia akiwa karibu.

Leo ilikuwa zamu ya kwanza. Mama mmoja alileta agizo la mwanawe wa miaka 6, pampu ya pumu na chemba yake. Nilipiga magoti ili niwe usawa wa mtoto. Tikisa, weka mdomo, bonyeza mara moja, vuta pole pole kama unanusa kitu kizuri, pumua tena ndani ya chemba. Alikosea mara mbili, ya tatu akapatia. Mama yake akauliza kama anaweza kumpa kabla ya mpira. Nikajibu mwenyewe, mfamasia akitikisa kichwa kukubali nyuma yangu. Ilichukua dakika 11. Foleni ilisubiri.

Nilisema albuteroli tangu mwanzo hadi mwisho.

Saa 8 zimeandikwa na kusainiwa. Zimebaki 1,492.